Mzigo Uliobaki Majanji

Wenzangu wa veranda ya mafundi, mmenichosha. Tangu nirudi Jumamosi sijamaliza mshono mmoja bila mtu kusimama mbele ya cherehani yangu na kuniuliza ilikuwaje. Kila mmoja ameshasikia kipande chake kutoka kwa Swaleh dereva, ambaye hawezi kusimulia hata safari ya kwenda kisimani bila yeye kuwa shujaa wake. Basi nimeandika. Asomaye ampe mwenzake, mimi niendelee na sare za watu.

Mnajua mke wangu Athieno ni mkunga katika zahanati ya kisiwani, nami niko hapa Busia na cherehani yangu, na tumeishi hivyo miaka minne, ziwa likiwa katikati. Mnajua pia kwamba alijifungua binti yetu Nafula hukohuko kisiwani wiki tatu kabla ya safari hii, nami sikuwa nimemwona mtoto. Kwanza zilinizuia zile sare za shule, kisha malaria ikanilaza. Mkunga mwenzake Athieno akaitwa nyumbani kwa ugonjwa wa baba yake, ikabidi Athieno aanze kuingia kazini nusu siku kuanzia Jumatano. Alihitaji mama yake amshikie mtoto. Kazi yangu ilikuwa moja: nimchukue mama mkwe kijijini kwao karibu na Nagongera, nimvushe ziwa, nimwone mwanangu. Jumatatu barabara, Jumanne maji.

Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Kwetu Wasamia, na kwao Jopadhola vilevile, mkwe hamgusi mama wa mkewe, hamtazami usoni, hakai naye kiti kimoja wala hali mbele yake. Miaka yote minne, kila neno kati yetu lilipitia kwa mtu wa tatu. Safari hii mtu wa tatu alikuwa Swaleh, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kijijini hadi Nagongera

Tulifika saa nne asubuhi. Mizigo ilikuwa imepangwa uani ikitungoja. Gunia la ulezi. Gunia la viazi vitamu. Mikungu mitatu ya ndizi za kupika. Kuku watano waliofungwa miguu. Chungu cha simsim, yaani ufuta, ya kusaga, ya kumwongezea mzazi maziwa, na chungu kingine ambacho sikuambiwa kina nini. Na jiwe la kusagia, lile la chini pamoja na mtoto wake, ambalo wanaume wawili walilileta wakiwa wameinama na bila kuongea.

Swaleh aliizunguka Probox yake mara mbili. Akasema gari hubeba chochote, mradi uliombe kwa adabu. Tukapakia nyuma mpaka darini. Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mwenye mwili uliokamilika na mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Akakaa kiti cha nyuma, kwa kuwa mbele nilikaa mimi. Gari likachuchumaa kwa nyuma, pua ikatazama mawingu.

Kuanzia hapo nilianza kujifunza mambo ya uzito ambayo fundi nguo hafundishwi. Gari likilemewa nyuma, magurudumu ya mbele huikanyaga ardhi kwa kuigusagusa tu. Swaleh akizungusha usukani kulia, gari lilifikiri kwanza, halafu likaenda nusu ya alivyotaka. Bomba la moshi lilikwaruza kila tuta. Kabla ya Nagongera kuna kijito chenye daraja la magogo, na baada yake mwinuko mfupi ambao siku nyingine Swaleh huupanda huku akiongea na simu. Safari hii gari lilipanda nusu, likanguruma sana, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Harufu ya klachi ikatujaa puani.

Ilibidi mtu aseme. Nikamwinamia Swaleh sikioni, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha shule za upande wa Kenya, kile mnachokicheka kila siku:

"Mwambie mama mzigo umezidi."

Swaleh akageuza shingo na, kwa kuwa ni mtu wa kufupisha, akasema:

"Mama, mkweo anasema umezidi."

Nawaomba mlitazame neno hilo. Mzigo umezidi, wewe umezidi: neno ni lilelile. Laiti ningesema kama wanavyosema watu wa Tororo, mzigo imezidi, yasingenipata yaliyonipata. Usahihi wa sarufi ndio ulioniponza.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akashuka, akarekebisha mshipi wa gomesi yake, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, akaupanda mwinuko ule kwa miguu bila kutazama nyuma. Gari likapanda bila taabu yoyote. Hilo ndilo lililoharibu kabisa, kwa sababu sasa ilionekana ni kweli.

Kule juu nilimsihi Swaleh arekebishe kauli. Akamweleza kwamba sikumsema yeye, nilisema vitu vyake. Mama mkwe akajibu, akitazama dirishani, kwamba vitu vile si vyake, ni vya mtoto wangu, na kama vimezidi basi mtoto ndiye aliyezidi.

Ilikuwa siku ya soko. Swaleh alikuwa na mpango mzuri: gunia la viazi tuliache kwa mtu wa bodaboda atakayelileta Busia wiki ijayo. Alienda kulipanga jambo hilo, na aliporudi alikuta akina mama wa kanisani kwa mama mkwe wamelizunguka gari. Walikuja kumuaga mwenzao, na huwezi kumuaga mtu anayeenda kwa mzazi ukiwa na mikono mitupu. Viazi viliondoka, ni kweli. Nafasi yake ilichukuliwa na mkungu wa nne wa ndizi, kapu la mayai, kuku wa sita na furushi la majani ya kunde yaliyokaushwa. Swaleh aliinama akayatazama matairi ya nyuma, akainuka akawasha gari.

Tororo

Tororo tulifika saa nane mchana, mwamba wao ukitutazama. Kwenye kituo cha mafuta alikuwa ametusubiri tangu asubuhi kaka wa mama mkwe, aliyetoka Molo, ile ya karibu na Tororo, kwa baiskeli na gunia la karanga. Tulimweleza hali ya gari kwa heshima zote. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, akalipandisha gunia.

Tulikula kwanza. Mama mkwe na kaka yake walikaa ndani ya hoteli wakaletewa ugali wa ulezi na samaki wa moshi. Mimi siwezi kula mbele yake, kwa hiyo nilizunguka nyuma na kusimama karibu na jiko la kuni, sahani mkononi. Mpishi alidhani mimi ni mtu wa kuomba chakula, aliyepewa sahani na msamaria. Akaniongezea mboga na kuniuliza kama nina pa kulala. Sikumsahihisha, mboga ilikuwa nzuri.

Fundi wa matairi alijaza upepo, akapiga magoti, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu. Kisha akatutolea hukumu yake. Uzito wote uko nyuma ya ekseli ya nyuma, alisema, ndiyo maana usukani umekuwa mwepesi hivyo. Vitu vizito visogee katikati. Na yule abiria mzito kuliko wote akae mbele.

Hakuna aliyesema abiria huyo ni nani. Swaleh alikuwa akitazama kiatu chake. Mimi nimekuwa nikipima watu kwa jicho miaka kumi na mmoja na sikosei inchi, lakini siku hiyo nilijifanya nahesabu kuku. Mwishowe mama mkwe mwenyewe alifungua mlango wa mbele akaingia.

Sasa mimi nikae wapi? Kiti cha nyuma kilihamishiwa magunia na jiwe. Hata kingekuwa tupu, magoti yangu yangemgusa mgongoni kupitia kiti, na mpaka leo sijui mila inasemaje kuhusu kupitia kiti. Nikaingia nyuma kabisa, kwenye buti, pamoja na kuku sita, ndizi na mayai. Nilitoka Tororo nikiwa nimekunja shingo, barabara ikikimbia kinyumenyume mbele ya macho yangu.

Tororo hadi Busia

Haki itendeke: fundi yule alijua kazi yake. Usukani ulirudi kuwa usukani, na gari likashika barabara kama kawaida. Lakini kupanga uzito si kuupunguza. Kwenye miinuko malori yalitupita, madereva wakituchungulia kwa huruma. Kwenye miteremko ilikuwa kinyume, tuliwapita wote, tupende tusipende.

Karibu na njia panda ya kuingilia Busia, ng'ombe alivuka barabara. Alivuka polepole, kama mwenye barabara. Swaleh anasema alimwona mapema na akakanyaga breki mapema, na ninamwamini, kwa sababu nilisikia breki zikilia muda mrefu sana bila gari kuonyesha dalili ya kusimama. Gari tupu ungelisimamisha kwa hatua ishirini. Hili liliendelea tu, breki zikilia, harufu ya moto ikiingia. Lilikuja kusimama wakati mkia wa ng'ombe unapangusa boneti.

Gari lilisimama, vilivyokuwa ndani havikusimama. Magunia yaliegemea viti vya mbele, nami nilifuata, nikifuatwa na kuku. Kapu la mayai lilikuwa mapajani mwangu. Nilipopata pumzi tena, shati lilikuwa limelowa kifua kizima na kuku mmoja alikuwa amekaa juu ya bega langu, ameduwaa kuliko mimi.

Kule mbele nilisikia sauti ya mama mkwe, imetulia.

"Dereva, muulize huko nyuma. Mayai iko sawa?"

Nikajibu kupitia kwa Swaleh kwamba yamebaki manane. Hakuuliza kingine. Lakini baada ya muda kidogo kitambaa kilipitishwa juu ya magunia, leso safi iliyokunjwa, na mkono ulioitoa ulirudi haraka kabla sijauona vizuri.

Busia

Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, kwa hiyo tulikuwa tumemwombea malazi kwa Hajati Zainabu, shangazi yake Swaleh, mwenye ghala la nafaka. Asubuhi ya Jumanne nilipofika, niliwakuta hao wawili wameshakuwa marafiki wa miaka. Mmoja hana Kiswahili cha kutosha, mwingine hana Kidhopadhola hata kidogo, na walikuwa wanacheka.

Swaleh alimweleza shangazi yake kwamba mwenye boti kule Majanji, mwalo wa kuvukia ziwa, amepiga simu anataka kujua kilo zetu. Si kukadiria. Kilo kamili, mizigo na watu, kwa sababu boti haina breki wala upande wa barabara wa kuegesha. Hajati akasema mizani si ile pale, ile ya kupimia magunia ya mahindi?

Tukapima mizigo kwanza. Gunia la ulezi, karanga, ndizi, vyungu. Jiwe la kusagia peke yake lilikuwa sawa na mtoto wa darasa la tano. Vitu vilipokwisha, wote tukabaki tumesimama. Swaleh alikohoa. Mimi nilianza kutoka nje.

Mama mkwe alivua viatu, akavipanga kando, akapanda juu ya mizani mbele ya wapagazi, Hajati na mimi niliyekuwa mlangoni nimegeuka nusu. Akangoja sindano itulie. Akaisoma mwenyewe kwa sauti ya kusikika mpaka mtaani.

"Mia na nne. Na kila kilo nimeilima mimi."

Hakuna aliyecheka. Mpagazi mmoja alivua kofia. Kisha mama mkwe akashuka na kusema, akiiambia hewa tu, bila kumtazama mtu, kwamba sasa wapime na wengine, tuone nani amezidi. Swaleh akapanda: themanini na tatu, na pasipo kulima. Mimi nikapanda: sitini na nane. Mama mkwe akamuuliza Hajati, kwa masikitiko ya kweli, kama hapa mjini tunakula.

Nilifikiri hapo angalau tumepata nafuu, tutaacha baadhi ya vitu ghalani. Niliporudi na kamba ya kufungia nikakuta Hajati ameongeza. Sukari, katoni ya sabuni, mchele, na beseni kubwa la kumwogeshea mtoto. Alisema mjukuu wa rafiki yake ni mjukuu wake.

Masafu hadi Majanji

Kipande hiki nitakifupisha maana gari lilitenda vizuri, ila maji ya rejeta yalichemka mara moja. Tulikuwa tumesimama pale Masafu tukingoja yapoe, mama mmoja akatoka upande wa hospitali na mguu uliofungwa bandeji, akauliza kama tunaelekea Lumino. Swaleh alinitazama. Mimi nilitazama matairi. Mama mkwe alikuwa ameshamfungulia mlango, wakakaa wawili kwenye kiti kimoja cha mbele wakizungumza habari za vidonda mpaka Lumino, na alipokuwa akishuka alituachia samaki wawili wakavu kwa shukrani. Hakuna aliyekataa. Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu.

Majanji tulifika saa nne na nusu.

Mwaloni

Mwenye boti anaitwa Ojambo. Ni Msamia mwenzangu, mfupi, hana haraka. Boti yake ni ya mbao, ndefu, na ubavuni ameichora mstari mweupe kwa rangi. Alituambia jambo moja tu kabla ya kupakia: maji yasiufunike mstari ule. Ukiuona, tunaenda. Usipouona, hatuendi.

Alipakia mwenyewe. Jiwe la kusagia lilikwenda chini kabisa katikati, na nilishangaa kuona analifurahia. Akanieleza kwamba kitu kizito kilicholala chini hutuliza boti. Kinachoipindua ni kizito kilicho juu, hasa kama kina miguu na kinapenda kugeuka kutazama samaki. Magunia yalipangwa kulia na kushoto sawasawa. Abiria wengine walikuwa watatu, na mashine ya kusukumia ilikuwa ndogo. Upepo wa ziwa, alisema, huamka saa saba. Tulikuwa na nafasi ya kuvuka mara moja, na ya kurudi kuchukua mzigo wa pili hatuna. Jumatano boti haitoki, inatengenezwa mashine. Safari nyingine ni Alhamisi.

Tukavaa majaketi ya kuokolea. Mstari ulikuwa unaonekana, kwa unene wa kidole. Tukasukumwa.

Ndani ya ghuba maji yalikuwa shwari. Ojambo alifungua mafuta yote, mashine ikapiga kelele, na boti ikaenda kwa mwendo wa mtu anayetoka msibani. Boti nyepesi hunyanyua pua ikateleza juu ya maji. Yetu ililima. Ilisukuma ukuta wa maji mbele yake, ikainamisha pua, ikalima tena. Tulipotoka kwenye kivuli cha rasi tukakuta mawimbi, si makubwa, ya kufika gotini. Wimbi la kwanza tulilipanda. La pili tulikutana nalo kabla hatujamaliza kushuka la kwanza, na pua haikuinuka. Maji yaliingia mbele yakapita hadi miguuni mwangu, baridi, mengi.

Niliogopa, siwafichi. Siwezi kuogelea. Nilifikiria mtoto nisiyemjua sura. Mwanamke mmoja alianza kusali na kuku wote sita wakanyamaza. Ojambo alipunguza mashine, hakugeuza ghafla, alituambia kila mtu abaki alipo na asisogee hata kumsaidia mwenzake. Akangoja mapengo ya mawimbi, akaizungusha boti kidogokidogo, kama unavyogeuza kitambaa chini ya sindano. Mama mkwe alichukua lile beseni la mtoto akaanza kukumba maji kuyarudisha ziwani. Alikumba bila kupumzika mpaka tulipogusa mchanga wa Majanji.

Pale ufukweni Ojambo alijilaumu mwenyewe kwanza, akasema aliutazama mstari akasahau kutazama anga. Kisha akasema panahitajika kupungua kilo sitini, sabini. Saa zilikuwa zinakwenda.

Nikaona ni wakati wangu wa kuwa mwanamume wa familia. Nikamwita Swaleh, aliyekuwa bado pale akipunga upepo, nikamwambia amweleze mama kwamba nimeamua: karanga, ndizi na mchele vibaki hapa kwa mtu mwaminifu, vije Alhamisi. Swaleh akafungua mdomo. Mama mkwe akamnyooshea kiganja anyamaze.

Kisha akanigeukia mimi. Aliangalia kifua changu, si uso, lakini ilikuwa ni mimi.

"Baba," akasema, "ndizi itaiva. Kuku itakufa. Simsim itaota uchungu. Athieno kesho anaingia kazini, na bila chakula hii maziwa haitatoka. Wewe ndiye mzigo ambao haiharibiki."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nimuoe binti yake. Nilitaka kujibu kwamba jiwe nalo haliharibiki. Lakini Ojambo alinitangulia, akasema jiwe liko mahali pake, linashika boti vizuri, ila sitini na nane ndiyo hesabu hasa aliyokuwa akiitafuta. Nikatazama maji. Nikamtazama mama mkwe, gomesi imelowa mpaka kiunoni, bado ameshika beseni. Nikavua jaketi la kuokolea nikamrudishia Ojambo.

Boti iliondoka na mstari wake mweupe ukionekana kiganja kizima. Niliitazama ikipanda wimbi la kwanza, la pili, la tatu, pua juu. Swaleh akaniambia twende nyumbani, Alhamisi atanirudisha. Nikamwambia sitasogea nyuma hata hatua moja. Akaondoka peke yake na gari tupu, na mlimsikia wenyewe alivyojisifu kwamba alifika Busia kabla vumbi halijatua.

Siku mbili Majanji

Jioni simu ya Athieno ilipita kwa shida. Alinieleza kwamba mama amefika, vitu vyote vimefika, hata beseni. Akauliza mimi nimekwamia wapi. Nilimweleza. Kwanza kulikuwa kimya, nikadhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa anacheka bila sauti ili asimwamshe mtoto. Nikamsikia mtoto akiamka hata hivyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilia karibu hivyo, nikaziba sikio la pili.

Nilipokewa na Mama Auma, mchoma samaki, akanipa kitanda kwenye chumba cha nyavu. Nilikuwa na sindano na uzi mfukoni, fundi hatembei bila hivyo, nikamshonea turubai lake, kisha la jirani, kisha mashati ya mwalo mzima. Walinilipa kwa samaki aina ya ngege wa kuchoma na dagaa mpaka nikashindwa. Kila aliyekuja kushonewa aliomba asimuliwe, na baraza liligawanyika. Wachache walisema mkwe kuachwa nyuma ya ndizi ni aibu. Wengi walisema mama yule ana akili, na mmoja akaongeza kwamba kama ningekuwa na mwili kama wa mama yule, wasingenitosa kirahisi. Mama Auma hakusema upande wowote. Aliniuliza tu, hivi angekuchagua ubaki kama angekuwa hana uhakika utakuja?

Nililifikiria hilo usiku ule nikiwa katikati ya nyavu.

Kuvuka

Alhamisi boti ilikuwa karibu tupu: mimi, Ojambo na masanduku ya samaki yasiyo na samaki. Nilidhani wepesi ni raha. Boti ilinyanyua pua mpaka sikuona tunakokwenda, ikaruka toka wimbi hadi wimbi, na kila ilipotua meno yangu yaligongana. Ojambo akanipigia kelele nisogee mbele. Nikauliza kwa nini, akasema pua inahitaji uzito na mzito mwingine hakuna. Nikatambaa hadi mbele, nikaketi, na boti ikatulia. Nusu saa tu, kisiwa kikawa mbele yetu.

Athieno alikuwa kazini. Ufukweni alisimama mama mkwe peke yake, na mgongoni mwake kulikuwa na kifurushi kwenye khanga ya manjano. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walinitazama wakanong'onezana, mmoja akasema kwa sauti kwamba kumbe ndiye huyu.

Niliruka majini na viatu vyangu. Nikakimbia hatua kadhaa, nikakumbuka, nikasimama. Hatuwezi kupeana kitu mkono kwa mkono. Yeye alikuwa ameshalifikiria. Alimfungua mtoto mgongoni, akatandika khanga ya pili juu ya nyasi, akamlaza, akarudi nyuma hatua tatu. Mtoto alikuwa macho, anapigana na jua. Ana masikio ya baba yangu.

Nikainama. Viatu vilivyojaa maji vikateleza kwenye tope.

"Kaa kwanza," mama mkwe akasema. "Ukianguka na yeye, mimi siwezi kukuinua. Mila inakataa."

Nikakaa. Palepale penye tope, na suruali niliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, nikamchukua mwanangu. Mama mkwe aligeuka akatazama ziwa, akaendelea kulitazama. Ojambo alishusha masanduku yake, akayapakia samaki, akaiwasha mashine akaondoka, nami nilikuwa bado nimekaa pale, na hakuna aliyeniambia niinuke.